UZI: Nyumba mpya ya kifahari Uingereza yenye asili ya Kiingereza. Pesa iende wapi?

Seremala wa Kent (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni seremala. Natengeneza madirisha, milango na ngazi kwenye karakana moja hapa Kent, kusini mashariki mwa London, na kazi zetu nyingi ni za nyumba mpya za watu wenye uwezo wao. Karibu kila mteja anakuja na ombi lile lile: nyumba iwe ya kisasa, iwe na joto, mwanga na jiko kubwa, lakini mtu akisimama getini ajue hii ni nyumba ya Kiingereza. Kwenye uzi wa ramani kuna mdau aliuliza jambo hili akashauriwa asimamishe nguzo nne nyeupe mlangoni na kupigilia mbao nyeusi kwenye ukuta wa ghorofa ya juu. Ushauri ule umenikaa rohoni, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Asili ya Kiingereza haiji kwa vitu vya kubandika. Inakuja kwa vitu ambavyo nyumba ikishasimama huwezi kuvirudia: mwinuko wa paa, kina cha dirisha ndani ya ukuta, tofali na udongo wa kulijengea, dohani, na jinsi nyumba inavyokaa na ardhi yake. Hivyo vikikaa sawa, ndani weka kila kitu cha karne hii. Vikikosewa, hata ujaze samani za mnada za miaka 300, nyumba itabaki haina kwao.

Swali la kwanza kwa msanifu wako liwe: Uingereza ya wapi? Nchi hii ni ndogo lakini ardhi yake inabadilika haraka, na zamani watu walijenga kwa kilichochimbwa jirani kwa sababu kusomba jiwe kwa mkokoteni kulikuwa gharama kubwa. Cotswolds wana jiwe la chokaa la rangi ya asali. Norfolk na sehemu za Sussex wanajenga kwa jiwe la gumegume. Lake District kule kaskazini ni sileti na kuta za chokaa nyeupe. Kent tuna udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo ni matofali na vigae vyekundu, na mara nyingi ukuta wa ghorofa ya juu unavishwa vigae badala ya plasta. Ukiona nyumba mpya hapa Kent imevikwa jiwe la Cotswolds, ujue mtu amechagua kutoka kwenye picha bila kuangalia kiwanja chake.

Nyumba ya kwenda kuiangalia kwanza ni Red House, Bexleyheath. Msanifu Philip Webb aliichora mwaka 1859 kwa ajili ya rafiki yake William Morris, mbunifu wa mapambo ya nyumba, ikakamilika 1860. Ni matofali mekundu matupu, paa refu la vigae, na ramani ya herufi L inayokizunguka kisima bustanini. Hakuna plasta ya kuigiza mawe, hakuna nguzo. Webb aliweka dirisha pale chumba kilipolihitaji, ndiyo maana ukizunguka nje unakuta madirisha ya maumbo mbalimbali, hata ya duara, na nyumba bado imetulia. Tangu 2003 iko mikononi mwa National Trust, inatembelewa, na ni safari fupi ya treni kutoka katikati ya London.

Ninaegemea njia hii kuliko ile ya enzi za wafalme George, yaani 1714 hadi 1830, yenye mlango katikati na madirisha yamepangwa sawasawa kulia na kushoto. Ile nayo ni nzuri mno, ila inadai nidhamu kali. Ukitaka jiko kubwa upande mmoja na chumba cha viatu vya matope upande mwingine, uso wa mbele unaanza kukusumbua. Njia ya Webb inavumilia maisha ya leo.

Nitaendelea na madirisha, ndiyo mkate wangu.

Binti Tanga

Kaka Seremala, shusha nondo, nimekaa mkao wa kula. Ila hiyo Red House ni ya babu zao. Ipo ya juzi juzi iliyofanikiwa? Mimi kila mpya ninayoiona huku ama ni sanduku la kioo ama ni ya kale ya kuigiza.

Seremala wa Kent

Ipo dada, tena ni huku huku Kent. Inaitwa Caring Wood, karibu na kijiji cha Leeds nje ya mji wa Maidstone (usichanganye na jiji la Leeds kaskazini). Wasanifu wake ni James Macdonald Wright na Niall Maxwell, na mwaka 2017 ilishinda tuzo ya Nyumba ya Mwaka ya RIBA, chama cha wasanifu majengo cha Uingereza.

Kent zamani ilikuwa nchi ya hops, lile ua linalotiwa kwenye bia. Lilikaushwa kwenye majengo yenye paa kali lililochongoka, ili hewa ya moto ipande na kutokea juu. Mapaa hayo bado yametapakaa mashambani, na mtu wa Kent akiliona moja anajua yuko nyumbani. Wasanifu wa Caring Wood walichukua umbo lile la paa, wakainua minara minne, wakaifunika kwa vigae vya udongo vya kutengenezwa kwa mkono, chini wakatumia jiwe la Kent na mbao za chesnati za misitu ya hapa. Mashine za kukaushia, makorombwezo ya zamani, hayo yote waliyaacha. Ndani ni nyumba ya leo kabisa.

Jambo litakalokufurahisha zaidi: ilijengwa kwa ajili ya wazazi wawili, binti zao watatu na familia za hao binti, vizazi vitatu chini ya paa moja, wote wakizunguka ua ulio katikati. Mtu wa pwani akiingia pale hahitaji kuelezwa ua ule ni wa nini.

Seremala wa Kent

Sasa madirisha.

Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666 walianza kuogopa mbao zilizokaa usoni mwa ukuta. Sheria ya mwaka 1709 ikaamuru fremu ya dirisha irudishwe ndani inchi 4 kutoka uso wa tofali. Sheria ya 1774 ikaongeza kwamba lile sanduku la mbao linalobeba kamba na vyuma vya uzito vya dirisha la kupandisha na kushusha lifichwe nyuma ya tofali. Sheria hizo zilikuwa za moto na zilikuwa za London, lakini zililipa jicho la Mwingereza kitu ambacho hadi leo linakitafuta: kivuli. Jua likipiga ubavuni, kila dirisha linapata mstari mweusi juu na upande mmoja, na ukuta unaonekana una uzito.

Nyumba nyingi mpya fremu inakaa karibu usawa wa tofali, mara nyingi kwa sababu ni rahisi kuunganisha na vihami joto vilivyo katikati ya ukuta. Matokeo yake ukuta unaonekana mwembamba hata ukiwa na unene wa milimita 400. Kwa hiyo nikiletewa ramani, kabla sijauliza aina ya mbao nauliza fremu inakaa wapi. Nikiambiwa milimita 100 ndani, moyo unatulia.

Cha pili ni vile vipande vya mbao vinavyogawa kioo. Mwanzoni mwa karne ya 18 vilikuwa vinene, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi walikuwa wamevichonga hadi vikawa vyembamba kama kidole. Shida ya leo ni kioo cha tabaka mbili: ni kinene, ni kizito, kinataka mbao nene. Ndipo wengi wanapobandika vipande vya plastiki juu ya kioo kimoja kikubwa. Ukisimama pembeni unaona kabisa vimeelea. Siku hizi kuna kioo chenye ombwe katikati, tabaka mbili ndani ya unene wa milimita 8 hivi, na kinazuia joto vizuri sana. Bei yake inauma. Lakini ukiniuliza pesa iende wapi, ipeleke hapo kabla ya kuipeleka kwenye marumaru ya bafuni.

Tena si lazima kila dirisha. Uso wa mbele na pale watu wanapokaa, basi. Dirisha la stoo ya nyuma halihitaji.

Mkaguzi

Mkuu nakuheshimu ila hapa nakupinga. Kwa nini mtu wa leo ajenge nyumba ya kujifanya ya 1890? Tuna chuma, tuna kioo cha mita 6 kwa 3, tuna zege. Usanifu wa kweli ni ule unaoonyesha zama zake. Hii ya vigae na dohani ni kukimbilia utoto wa mtu mwingine.

Seremala wa Kent

Mkaguzi, hoja yako nzito na sitaipita juu juu.

Chukua Standen, karibu na East Grinstead, Sussex Magharibi. Ni huyo huyo Philip Webb, kati ya 1891 na 1894, kwa mwanasheria wa London aitwaye James Beale. Webb aliiacha nyumba ya kale ya shambani iliyokuwepo kiwanjani, akaifungamanisha na yake mpya. Watu wakiiangalia wanaona shamba la kale. Lakini Standen ilikuwa na taa za umeme tangu siku ya kwanza, na taa zenyewe zilibuniwa maalumu na W.A.S. Benson, fundi wa shaba. Umeme majumbani wakati ule ulikuwa kitu kipya kabisa. Nenda Cragside kule Northumberland, nyumba ya mwenye viwanda William Armstrong iliyochorwa na msanifu Norman Shaw: mapaa, madohani, mbao, kila kitu cha jadi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilikuwa inawashwa taa za mvumbuzi Joseph Swan kwa umeme wa maji ya bwawa lake mwenyewe. Watu hawa hawakukimbia zama zao. Waliweka mambo mapya pale yanapofanya kazi, wakaacha paa lifanye kazi ya paa.

Na kioo kikubwa unachokipenda ni cha Kiingereza tangu zamani. Hardwick Hall, Derbyshire, ilijengwa miaka ya 1590 na watu wa wakati ule walikuwa wakisema ina kioo kuliko ukuta. Tofauti ni kwamba kioo kile kimegawanywa kwa mihimili ya mawe, kwa hiyo usiku taa zikizimwa haugeuki shimo jeusi. Msanifu Edwin Lutyens alifanya hivyo hivyo kwenye nyumba ya Deanery Garden, kule Sonning, Berkshire, iliyokamilika 1901 kwa Edward Hudson, mwenye jarida la Country Life: dirisha kubwa mno la mwaloni linaloinuka ghorofa mbili upande wa bustani. Mteja anayetaka ukuta mzima wa kioo nyuma ya nyumba, mimi namwonyesha picha ya dirisha lile. Mwanga anaupata, bustani anaiona, na nyumba haijapoteza uso.

Kuna na kanuni. Tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zina Sehemu O, inayodhibiti nyumba mpya zisipate joto kali kiangazi. Ukitaka ukuta mzima wa kioo unaoangalia kusini na magharibi, msanifu wako atapaswa kuthibitisha kwa hesabu kwamba vyumba havitageuka tanuri.

Mkaguzi

Hiyo ya Standen sikuijua. Nitaenda kuiona. Bado sikubaliani na dohani kwenye nyumba isiyo na moto, lakini endelea.

Mwashi wa Leicester

Salaam wakuu. Mzee Seremala umeshika mbao, niruhusu nishike mwiko, maana tofali ndiyo nyumba.

Tofali la kawaida la Uingereza ni milimita 215 kwa 102.5 kwa 65, na nafasi ya udongo milimita 10. Zamani ukuta ulikuwa mzito wa tofali zima, kwa hiyo matofali mengine yalilazwa kwa kupita ndani ya ukuta na nje ukaona kichwa chake tu. Kwenye mpango wa kulaza matofali uitwao Flemish, kila kozi (safu) inabadilishana: tofali refu, kichwa, refu, kichwa. Mpango wa Kiingereza kozi moja ni marefu matupu, inayofuata ni vichwa vitupu. Leo ukuta wa nje ni ngozi ya tofali moja jembamba, nyuma kuna uwazi na vihami joto, halafu ukuta wa ndani unaobeba. Fundi akiachiwa atalaza marefu matupu kozi zote, ni haraka. Macho yakizoea unaitambua nyumba ya namna hiyo ukiwa ndani ya basi.

Dawa ni kukata matofali nusu na kuyaweka kama vichwa. Wengine watasema huo ni uongo. Mimi nasema ni mpangilio tu, unaupa ukuta mapigo. Ila mwambie fundi wako mapema, maana pembe za madirisha zote zinapaswa kugawanyika kwa vipimo vya tofali. Dirisha likichorwa upana wa hovyo, mpango wote unavunjika hapo na utaona vipande vya robo tofali vimejazwa jazwa.

La pili, chokaa. Acheni saruji kwenye ukuta wa namna hii. Chokaa ni laini kuliko tofali, ukuta ukijongea inanyooka nayo, na unyevu unatokea kwenye udongo badala ya kutokea kwenye uso wa tofali na kuubomoa. Faida nyingine ambayo wenye pesa hawaijui: ukuta mrefu wa saruji unadai mstari wa kutanuka kila baada ya mita 10 au 12, ule mpasuo wa wima uliojazwa mpira. Ukitumia chokaa, mara nyingi mhandisi anaweza kukuondolea mistari hiyo. Hakuna kitu kinachoharibu ukuta mzuri kama ule mstari wa mpira.

Na namna ya kumalizia. Ukishajaza nafasi kati ya matofali usilainishe kwa chuma. Subiri udongo uanze kukaza, ukibonyeza kwa kidole gumba usiache shimo, halafu pigapiga kwa brashi ngumu, moja kwa moja, usiburute. Ule utando wa chokaa wa juu unatoka na punje za mchanga zinajitokeza. Rangi ya mchanga ndiyo inakuwa rangi ya ukuta. Mteja mmoja alibadilisha mchanga tu, wa njano badala ya wa kijivu, tofali ni lile lile, akadhani tumemletea tofali lingine.

Binti Tanga

Mwashi, Mungu akubariki. Hii ya mchanga nimeiandika pembeni.

Seremala wa Kent

Mwashi umesema yote. Naongeza paa, halafu twende ndani.

Vigae vidogo vya udongo vya Kiingereza ni milimita 265 kwa 165, na vinaingia karibu 60 kwa mita moja ya mraba. Kwa kawaida havitakiwi kulala chini ya digrii 35, na vile vya mkono, ambavyo havikunyooka sana, vinapenda 40 au zaidi. Nyumba nyingi za kampuni kubwa zinaishia hapo hapo kwenye kima cha chini kwa sababu paa kali linakula vigae vingi. Lutyens alipenda karibu digrii 54 na robo tatu. Ukikokotoa utaona kwamba kwa mwinuko huo, mstari wa kona ambapo mapaa mawili yanakutana unapanda kwa digrii 45 kamili. Kwa seremala wa kupaua hilo ni raha tupu. Na kwa mwenye nyumba, ndani ya paa la namna hiyo anapata ghorofa nzima ya vyumba ambavyo kutoka nje havionekani kama ghorofa. Upenu ushuke chini, usogee karibu na vichwa vya madirisha. Paa kubwa na ukuta mfupi: huo ndio uso wa nyumba ya shamba ya kusini mwa England.

Paneli za jua zisikae uso wa mbele. Ziweke mteremko wa ndani unaoangalia ua, au juu ya banda la magari.

Mkaguzi, dohani unaionea. Kwanza inasimamisha nyumba: bila hiyo paa refu linakosa kituo. Pili ina kazi hata kama huwashi moto. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri inahitaji mtambo wa kubadilisha hewa unaorudisha joto, ina bomba la kutolea harufu za jiko, ina mabomba ya kupumulia maji machafu. Vyote hivyo vikitoboa paa kila mahali unaharibu kazi ya miezi. Vipitishe ndani ya dohani la tofali, vitokee juu pamoja.

Moto wenyewe una kanuni yake. Meko ya wazi, lile pango kubwa lenye viti ndani yake ambalo kila mteja analitaka, linavuta hewa nyingi sana kutoka chumbani. Nyumba iliyozibwa haina hewa ya kutoa hivyo, na mtambo wa hewa unagombana na moshi. Jenga pango la tofali na boriti ya mwaloni kama desturi, lakini ndani weka jiko la chuma lililofungwa lenye bomba lake la hewa kutoka nje. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20.

Joto la nyumba nzima litoke kwenye pampu ya joto na mabomba ya maji chini ya sakafu. Mfumo huu unapenda maji ya uvuguvugu, na unapenda sakafu ya jiwe. Bahati nzuri sakafu ya jiwe ndiyo ya jadi kwenye ukumbi na jiko. Ukitaka mbao juu ya mabomba, chukua zile zenye uso wa mwaloni juu ya tabaka za plaiwudi. Ubao mzima mnene utajikunja na utazuia joto.

Jiko nitalipita haraka kwa sababu picha zake zimejaa kila mahali. Milango ya makabati ikae ndani ya fremu, kwa bawaba za shaba zinazoonekana, na ipakwe rangi kwa brashi. Stoo ya chakula iwe upande wa kaskazini, ukuta wa nje, rafu ya jiwe. Ni teknolojia ya kale inayookoa friji nzima. Na yule anayedhani Aga, lile jiko zito la chuma, ni ya Kiingereza kwa kuzaliwa: aliyeibuni ni Gustaf Dalén, Mswidi, mwaka 1922. Waingereza waliipenda wakaifanya yao. Haikatazwi kupokea kitu cha mgeni kama kinafanya kazi vizuri, hata asili inakua hivyo.

Kile ambacho nisingekipunguza kamwe ni ngazi. Kanuni inaruhusu ngazi ya nyumbani kupanda hadi milimita 220 kwa hatua moja na mwinuko wa digrii 42. Hiyo ni ngazi ya kupandia darini. Nyumba ya kifahari hatua ipande 165 hadi 170, pa kukanyagia pawe 290 au zaidi, na kuwe na kituo chenye dirisha. Mama mzee apande huku anazungumza. Nafasi inayoliwa ni kubwa, na wasanifu wengi wataipigania waiweke chumbani. Usikubali.

Kijana wa Limuru

Seremala, mimi niko Limuru, Kenya. Huku Tigoni kuna nyumba kadhaa za walowezi, mawe na dohani na paa kali, na baridi yetu ya Julai unaijua. Nataka kujenga ya aina hiyo kwa mawe ya kwetu. Kuna mzee wangu ananiambia nyumba hizo zina uchungu ndani yake, ardhi ile ilichukuliwa. Mimi naipenda sura yake. Utanishauri nini?

Seremala wa Kent

Kaka, mzee wako anasema kweli na sina la kumpinga. Msikilize kwanza.

Kama utajenga, fuata njia na uache sura. Njia yenyewe ni ile niliyoanza nayo: chukua kilicho ardhini pako. Mna jiwe zuri la kuchonga, mna mafundi wanaolijua, mna mvua inayotaka paa kali na upenu mpana, na moto wa jioni huko unahitajika kweli. Lakini jua lenu linapita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo baraza pana linawafaa kuliko dirisha kubwa la Sonning. Ukianzia hapo utapata nyumba ya Limuru, na mzee wako ataingia akiwa huru.

Mlipa Kodi

Swali la pesa. Nimenunua nyumba ya miaka ya 1960 huko Surrey, kiwanja kizuri, nyumba yenyewe haina lolote. Nikarabati au nibomoe?

Seremala wa Kent

Mkuu, peleka swali hili kwa mhasibu wako kabla ya msanifu. Kazi ya ujenzi wa nyumba mpya kabisa inatozwa VAT ya asilimia 0. Ukarabati na kuongeza vyumba kwa kawaida ni asilimia 20. Kwenye nyumba ya kifahari tofauti hiyo peke yake inaweza kulipia madirisha yote ya mwaloni na paa la vigae vya mkono. Ada za wasanifu na wahandisi zinabaki na VAT pande zote mbili. Kwa nyumba ya 1960 isiyo na lolote, wengi wanabomoa. Kama ingekuwa imeorodheshwa kulindwa, hata kufikiria usingefikiria.

Angalia kama uko ndani ya ukanda wa kijani unaozunguka London. Hapo nyumba ya kubadilisha nyingine haitakiwi kuizidi sana ile ya awali kwa ukubwa, kwa hiyo vyumba vya ndani ya paa vinakuwa rafiki zako.

Kwa wale wanaouliza kuhusu shamba tupu lisilo na nyumba: mlango upo, lakini ni mwembamba. Aya moja ya sera ya taifa ya mipango miji inaruhusu nyumba ya peke yake mashambani ikiwa usanifu wake ni wa ubora wa kipekee. Mlango huo ulifunguliwa 1997 na waziri John Gummer, ndiyo maana wenyeji wanauita sheria ya Gummer. Nyumba ya kawaida yenye pesa nyingi haipiti hapo.

Binti Tanga

Kaka, swali la mwisho kwangu. Mume wangu anataka fremu ya mwaloni mbichi, mihimili ionekane sebuleni. Kuna jirani yetu alijengewa hivyo na kampuni moja, baada ya mwaka mmoja mihimili imepasuka na kuna madoa meusi kwenye jiwe. Tuogope?

Seremala wa Kent

Mipasuko msiogope. Mwaloni wa fremu hukatwa na kuunganishwa ukiwa mbichi kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kama chuma. Hukauka taratibu, kadiri ya inchi moja ya unene kwa mwaka, kwa hiyo boriti ya inchi 8 itaendelea kujikunja na kupasuka kwa miaka mingi. Viungo vya ulimi na tundu vilivyofungwa kwa vijiti vya mbao huzidi kukaza kadiri unavyokauka. Hiyo ndiyo kazi yake.

Madoa yanazuilika. Mwaloni mbichi unatoa maji yenye tanini, ambayo yanatia doa jiwe na kula chuma cha kawaida. Wakati wa ujenzi jiwe lifunikwe, na kila skrubu na bolti iwe ya chuma kisichoshika kutu. Kioo kisiwekwe ndani ya tundu la fremu mbichi. Kipachikwe usoni kwa nje, kikiwa na nafasi ya mbao kujongea. Na hilo la kupachika nje ndilo la kuuliza kabla ya kusaini mkataba.

Kabla ya yote, dai ukuta wa mfano. Mita moja kwa moja, tofali lenyewe, mpango wenyewe, chokaa yenyewe, na kona ya dirisha ya kipimo kamili ikiwa imerudi ndani milimita 100. Usimame getini uangalie asubuhi na jioni. Sisi karakanani tunatoa kona hiyo kwa kila kazi kubwa na imeokoa wateja wengi.

Mwashi wa Leicester

Na huo ukuta wa mfano ujengwe majira yale yale mtakayojenga nyumba. Chokaa haipendi baridi: chini ya nyuzi joto 5 msilaze tofali, na kila jioni ukuta ufunikwe kwa magunia, juu yake turubai, usipate mvua wala barafu. Mkandarasi akiwaambia atajenga kwa chokaa Januari bila kufunika, mwulizeni atafanyaje, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba. Mpangilio mzuri ni msingi umwagwe baridi ikiisha, kuta zianze Aprili, na mpaka Septemba muwe mmefika kwenye paa.